Nukta Mbili Ndani ya Kifuniko

Mkaguzi alitarajiwa wiki iliyofuata. Kwa hiyo asubuhi ile, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulipofunguka akaingia mtu nisiyemjua, ameshavaa ovaroli nyeupe, kofia na barakoa, viatu vyake kavishika mkononi, nilidhani ni mmoja wa wale wanafunzi wa mafunzo wanaopotea kila mara wakitafuta maktaba. Nilimwambia, bila hata kumtazama vizuri, kwamba viatu vya nje haviruhusiwi kuvuka mstari mwekundu. Aliinama akaviweka chini ya benchi, visigino vikigusa ukuta na ncha zikitazama mlango, kana kwamba vilitakiwa viwe tayari kuondoka kabla ya mwenyewe.

Mikono yangu ilikuwa kwenye sinki. Niliiacha hapo, maji yakitiririka. Katika maisha yangu nimemfahamu mtu mmoja tu anayepanga viatu namna hiyo.

Nyuma yake alikuja mkuu wa karakana, anahema. Tunamwita Bosi Ratiba kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuitaja ratiba. Alieleza kwamba huyu ndiye mkaguzi wa usafi kutoka makao makuu, kwamba kituo cha kurushia roketi kimewahisha tarehe, na kwamba kuanzia sasa ratiba haina hata nafasi ya kupiga chafya. Mkaguzi aliniinamishia kichwa kwa adabu ya mtu asiyenijua. Kanuni zinakataza kupeana mikono humo ndani. Nilizishukuru kanuni.

Katika chumba safi, tunamoundia vyombo vya angani, hakuna mwenye sura. Nywele zinafichwa, midomo inafichwa, hata umbo linamezwa na ovaroli. Kinachobaki ni macho. Ukikaa humo miaka, unajifunza kuyasoma: huyu hakulala, huyu kagombana na mkewe, huyu anacheka ndani ya barakoa. Tulipoingia humo, macho ya mkaguzi yalikuwa yananikwepa. Yalitazama taa, yakatazama sakafu, yakamtazama Shangazi juu ya stendi yake ya chuma kwa muda mrefu. Halafu, nadhani kwa bahati mbaya, yakaniangukia.

Yalikuwa yale yale. La kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, kama linaloendelea kutafakari jambo ambalo mwenzake ameshalikubali.

"Dada Mhandisi," alisema, "naomba unionyeshe pua ya Shangazi."

"Iko pale pale ulipoiacha."

Bosi Ratiba alimtazama yeye, akanitazama mimi. Aliuliza kama tunafahamiana.

"Alikuwa anafanya kazi hapa," nilimjibu. "Alikuwa anapangusa."

Sikukusudia neno lile litoke kama lilivyotoka. Neno lile lilikuwa na historia.

* * *

Shangazi ni kigari. Ana magurudumu sita, shingo ndefu, na mkono mmoja unaokunjika mara tatu. Siku mchoro wake ulipobandikwa ukutani kwa mara ya kwanza, mchomeleaji wetu aliukodolea macho kisha akasema kwamba kitu hiki kinafika kwa watu bila kualikwa, kinapekua chini ya kila jiwe, kinanusa vyungu, halafu kinapiga simu nyumbani kusimulia kila kilichokiona. "Huyu ni shangazi yangu kabisa," alisema, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake rasmi. Anakwenda kwenye ile sayari nyekundu kutafuta kama kuna uhai, au kama uliwahi kuwepo.

Mimi nilipewa pua. Ni kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto. Mkono unakitilia unga wa jiwe, kisanduku kinaupasha moto, na kinanusa mvuke unaotoka. Kikikutana na harufu ya kitu kilichowahi kuwa hai, kengele inalia.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilikuwa na imani ya kuhamisha milima. Wiki za mwanzo tuliijaribu pua kwa mchanga uliookwa mpaka hapakuwa na kijidudu hata cha dawa. Kengele ikalia. Uhai. Tulirudia, ikalia tena. Watu wazima walikumbatiana. Mpishi wa kantini alileta chai ya bure, jambo ambalo halijawahi kutokea tena, na Bosi Ratiba alisahau ratiba mpaka adhuhuri. Nililia. Nilidhani tumegundua kitu ambacho hakuna oveni inayoweza kukiua.

Katikati ya shangwe zile alipita kijana mmoja wa kitengo cha usafi, ndiyo kwanza kaajiriwa, na vijiti vyake vya pamba. Alipangusa kisanduku, akapangusa meza, akapangusa mkono wa glavu yangu. Akaenda zake. Aliporudi, alisimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa kutoa habari za msiba.

"Samahani, dada. Unapaka mafuta gani kichwani?"

Nilimwambia ni ya nazi, anayonitengenezea mama. Niliuliza kwa nini.

"Basi uhai tulioupata ni wewe," alisema.

Wenzangu walicheka mwezi mzima. Tangu hapo niliitwa Mafuta. Na yeye, kwa kuwa ndiye msafishaji aliyenichafulia jina, akaitwa Sabuni. Mchomeleaji alikuwa wa kwanza kutukumbusha kwamba sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na alisema hivyo kwa sauti, kantini, sote wawili tukiwa na sahani mkononi. Nilitamani sakafu ipasuke. Sabuni yeye aliinama tu akala chakula chake, lakini masikio yake yalikuwa yanang'aa.

Nilimpenda kupitia macho. Miezi ya mwanzo sikujua hata mdomo wake ukoje, maana zamu zetu zilikutana ndani ya chumba safi tu. Nilijua anapofurahi jicho la kulia linatangulia. Nilijua akichoka anapepesa taratibu, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba yake moja moja. Siku tulipokutana getini mvua inanyesha, wote hatuna barakoa, tulisimama tukatazamana kama wageni, kisha akasema, "Kumbe una mwanya," nikamwambia, "Kumbe una ndevu," na mvua ikaendelea kutulowesha.

Karakana yetu ina desturi moja. Kila anayeunda kipande cha kigari anaruhusiwa kuweka alama yake upande wa ndani, nukta moja ya sindano ya kuchorea chuma, mahali ambapo jicho la mtu halitafika tena. Siku yangu ya kuweka nukta ndani ya kifuniko cha pua ilipofika, nilimwita Sabuni. Alikataa. Alisema yeye haundi, anapangusa tu.

"Bila wewe hii ni sufuria," nilimwambia. "Weka."

Akaweka nukta yake kando ya yangu. Halafu, kwa kuwa sindano ilikuwa bado mkononi mwake na mkono wangu bado uko juu ya mkono wake, tukaziunganisha kwa mstari mfupi kama upana wa punje ya mchele. Tulipomaliza alipitisha kidole cha glavu juu ya mstari. Alikuwa na tabia ya kuyafikiria mambo baada ya kuyafanya.

"Mkwaruzo ni nyumba," alisema. "Kijidudu kikijibanza humu, sabuni haikifikii. Tuahidiane jambo."

"Sema."

"Kikikutwa hata kimoja ndani ya alama yetu, tunaifuta. Hatumwachii mtu. Mimi na wewe, kwa mikono yetu. Hatuwezi kwenda kubisha hodi kwa wenyewe, kuuliza kama wapo, huku tumewabebea uchafu wetu mfukoni."

Niliahidi. Nilikuwa nimempenda kiasi kwamba angeniambia niahidi kutopumua ningeahidi.

* * *

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya Shangazi, tochi mkononi, kanda ya bluu ya ukaguzi imefungwa kwenye mkono wa ovaroli yake. Kanda ile si mchezo. Anayeivaa ndiye anayetia saini ya mwisho, ndiye anayesafiri na kigari mpaka kituo cha kurushia, na ndiye mtu wa mwisho duniani kukigusa. Sabuni alikuwa akiiota tangu siku tulizokunywa chai kwa kopo moja kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa akisema angependa kumuaga Shangazi kwa mkono wake, amfute vumbi la mwisho, halafu asimame mbali amtazame akiondoka.

Alichukua sampuli kwa utaratibu ule ule wa zamani: kijiti kinazungushwa, hakiburuzwi. Magurudumu, shingo, mkono. Alipofika kwenye pua, nililegeza skrubu nikakifungua kifuniko na kukigeuza. Nukta mbili zilikuwa pale, na mstari wao. Mwanga wa tochi ulisita juu yake. Sikuthubutu kumtazama. Nilisikia tu pumzi yake ikigonga barakoa.

Akazungusha kijiti taratibu juu ya alama yetu, akakitia kwenye kichupa, akaandika namba. Vichupa vilikwenda maabara. Vijidudu, kama vipo, vinahitaji kuachwa siku kadhaa kwenye visahani vya kukuzia ndipo vionekane. Siku hizo zote tungekuwa tunasubiri katika jengo moja.

Mchana alinikuta kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa na vikombe viwili vya chai. Ndevu alikuwa amezinyoa.

Tulizungumza kwanza mambo ya watu wengine. Mchomeleaji ana mapacha, mpishi wa kantini amestaafu, paka wa getini bado yupo. Alinieleza kuhusu makao makuu, jinsi kila kitu kule ni kipya na hakuna anayemtania mwenzake. Walipotafuta mkaguzi wa Shangazi, aliomba aje yeye. Walimuuliza kama aliwahi kushiriki kukiunda kigari, maana aliyeunda haruhusiwi kukagua. Aliwaambia alipangusa tu. Wakasema kupangusa si kuunda.

"Hata wao," nilisema.

"Hata wao." Alicheka kidogo. "Mama yako ana wenzake wengi."

Hapo ndipo tulipoacha kuzungumza mambo ya watu wengine. Enzi zile, jioni aliyokuja nyumbani kutambulishwa, mama alimkaribisha vizuri, akamuuliza kazi yake, akamsikiliza. Kisha aliniita jikoni. Nyumba yetu ni ndogo, na ukuta wa jikoni haujawahi kuzuia neno. Alisema, "Nimeshona nguo za watu mpaka vidole vikapinda ili usome uhandisi, uje uolewe na mpangusaji?" Niliporudi sebuleni Sabuni alikuwa amesimama, anatazama picha ya marehemu baba, kana kwamba hakusikia. Baada ya muda mfupi alipata nafasi makao makuu. Kwenye kituo cha basi aliniambia nijitunze. Hakuniomba nimfuate. Hakusema nimsubiri. Basi lilipoondoka nilibaki na maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa.

"Kwa nini hukuniomba?" nilimuuliza. "Ningekuja. Ulijua ningekuja."

Alizungusha kikombe. "Nilijua. Na mama yako alijua."

"Mama anahusikaje na basi?"

Alikiweka kikombe chini. Kisha akaniambia kwamba siku mbili kabla ya safari alikwenda kumuaga, peke yake. Alimkuta kwenye cherehani. Mama hakuzungumzia kupangusa hata kidogo. Alimwonyesha picha ya baba ukutani, akamwambia huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa, aliaga asubuhi akasema atarudi Alhamisi, na yeye mama akaletewa saa ya marehemu ya mkononi tu. Alimwambia hana ugomvi na yeye. Ugomvi wake ni na umbali.

"Akaniomba nisikuvute," Sabuni alisema. "Alisema ukitaka kwenda mwenyewe hatakuzuia, ila mimi nisikuvute. Nikamwahidi."

Chai ilikuwa imepoa. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia yeye, na zaidi nilimkasirikia kwa kuwa sikuweza kumkasirikia vizuri. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa kutimiza ahadi.

"Na mimi nani aliniahidi?" nilimuuliza.

Macho yake yalianza kufunga madirisha, moja moja.

* * *

Mama alikuwa anapindisha sketi ya mteja nilipoingia. Siku hizi anashona kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na akikutazama kwa kupitia zote mbili unajihisi umekaguliwa.

"Yule mpangusaji amerudi," alisema kabla sijaweka mkoba.

Nilimuuliza amejuaje. Alisema nimepita nje ya dirisha natembea kama nilivyokuwa natembea enzi zile, halafu nimeingia nimekunja uso kama siku ile ya basi. Sasa ingekuwa nani mwingine, mtoza takataka?

Nilikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa, mahali nilipokuwa nikikaa nikiwa mtoto kumwokotea pini. Nilimwambia najua alichomwambia. Cherehani ilisimama.

"Kakwambia leo?"

"Leo."

"Alikaa nalo muda wote huo?" Alivua miwani moja, kisha ya pili. Bila miwani mama anaonekana msichana aliyeshtuliwa usingizini. "Mimi nilidhani angekwambia palepale kituoni. Nilisema, wakishaambiana, wataamua wenyewe, na mimi nitakuwa nimeusema moyo wangu. Kumbe mtoto wa watu kalifunga neno langu kama pini kwenye kopo."

"Ulimwambia aondoke, mama."

"Nilimwambia asikuvute. Sikumwambia asirudi." Alipangusa macho kwa kona ya sketi ya mteja, akakumbuka ni ya mteja, akailaani na kuikung'uta. Kisha akaongea polepole, akitazama picha ukutani. Alisema kila alipomwona baba anafunga mkoba alijua kuomba abaki ni ujinga, na hakuomba, na mpaka leo hajui kama angeomba ingekuwaje. Kwa hiyo safari ya Sabuni ilipofika, aliomba. Ila aliomba kwa mtu asiyestahili kuombwa.

"Lile neno la jikoni," alisema, "lile la kupangusa. Alilisikia?"

"Alilisikia."

Mama alivaa miwani zake zote mbili. "Mwambie nilikuwa na hofu, na hofu haina adabu. Au aje nimwambie mwenyewe. Na wewe nyoosha mgongo, unaniharibia kitambaa."

* * *

Siku majibu yalipotoka tuliitwa chumba cha maabara, mimi, Bosi Ratiba na mkaguzi. Visahani vilipangwa kwenye meza nyeupe, vimeandikwa namba. Magurudumu, safi. Shingo, safi. Mkono, safi. Mpimaji wa maabara alisogeza kisahani cha mwisho chini ya taa. Katikati ya rojo lake la njano lililoganda palikuwa na vidoa viwili vyeupe, vidogo, vya mviringo, vimekaa karibu karibu.

"Ndani ya kifuniko cha pua," alisema. "Kwenye ule mchoro wenu."

Bosi Ratiba alishika kiuno, kisha akaomba aonyeshwe jedwali la viwango. Alilisoma mara mbili, akapumua. Vidoa viwili viko chini ya kiwango. Kiwango kinaruhusu zaidi ya hapo. Alimgeukia Sabuni kwa uso wa mtu aliyeponea chupuchupu, akamwambia basi mkaguzi atie saini, kifuniko kirudishwe, na kesho Shangazi aingie sandukuni kama ratiba inavyosema.

Sabuni alikuwa ananitazama. Wakati huu hayakuwa macho ya kunikwepa.

Nilielewa alichokuwa ananiachia. Karatasi ilikuwa upande wetu. Angeweza kutia saini kwa haki kabisa, bila kudanganya nukta moja, akasafiri na Shangazi, akampangusa vumbi la mwisho. Na alama yetu ingekwenda huko juu, ikakaa kwenye baridi na ukimya mpaka mwisho wa dunia, nukta mbili na mstari, hakuna mama wala basi wala umbali wa kuitenganisha. Katika usiku wa miaka hii nilikuwa nimejifariji kwa hilo. Nilikuwa nikijiambia, angalau kuna mahali ambapo bado tuko pamoja.

Lakini niliifikiria pua ikilia kule. Niliwafikiria watu wazima wakikumbatiana, dunia nzima ikilia machozi ya furaha, kwa ajili ya kitu kilichojibanza ndani ya mkwaruzo wa vijana wawili waliopendana. Nilishawahi kuwa uhai wa uongo mara moja. Mara ile walikunywa chai wakacheka.

"Tulisema hata kimoja," nilisema.

"Tulisema," alijibu.

Bosi Ratiba aliuliza nani alisema nini. Nilimweleza kwamba kifuniko kinafunguka kwa skrubu nne, kwamba kusugua na kukioka tena ni kazi ya leo na usiku wa leo, na kwamba ratiba haitaguswa. Alikuna kichwa, akakubali. Nilimwambia Sabuni nitaifuta mwenyewe. Yeye abaki mkaguzi. Atie saini kesho, aende akamuage Shangazi kwa niaba yetu wote.

"Mkaguzi akishika kitambaa cha kusugulia, si mkaguzi tena," Bosi alikumbusha, kana kwamba kuna asiyejua. "Wataleta mwingine kesho asubuhi. Huyo ndiye atakayesafiri."

"Najua," Sabuni alisema.

"Basi usiguse," nilimwambia. "Nusu ya ahadi inatosha. Nakuachilia."

Alitazama kisahani, akatazama zile nukta nyeupe mbili. Jicho la kulia liliamua kwanza. La kushoto lilichukua muda wake, likatafakari, likapitia safari nzima ya kituo cha kurushia na moshi na moto na Shangazi akipaa, kisha nalo likakubali.

Alifungua kanda ya bluu mkononi mwake. Aliikunja mara mbili, vizuri, kama anavyokunja kila kitu, akampa Bosi Ratiba.

"Nilimwahidi mama yake nikaitimiza," alimwambia Bosi, ambaye hakuelewa kitu. "Na huyu je?"

Tulivaa upya. Ovaroli, kofia, barakoa, glavu juu ya glavu. Nilikilegeza kifuniko nikakilaza kwenye meza chini ya taa kubwa, nikaweka dawa ya kusugulia kwenye kitambaa, tone dogo. Kupitia kioo nilimwona mchomeleaji amesimama nje na nusu ya karakana, wametulia, hakuna anayetania.

Yeye alisugua nukta yangu. Mimi nikasugua yake. Chuma kile ni kigumu, na kazi ilikuwa ya taratibu, duara juu ya duara. Nilidhani nitalia, na nililia kidogo, ndani ya barakoa ambako hakuna ajuaye. Yake ilitoka kabla ya yangu. Mstari wa katikati ndio uliobaki mwisho, na hapo kitambaa kilikuwa kimoja na nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi vidole vyangu viwe juu ya vidole vyake, kama siku ile ya sindano.

"Mama anakuita nyumbani," nilimwambia, nikisugua. "Anasema hofu haina adabu."

"Nije lini?"

"Hata kesho. Kwa sasa huna kazi."

Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Tuliendelea mpaka mstari ukawa kivuli, na kivuli kikawa hakipo. Alichukua kitambaa kipya, akapangusa mara ya mwisho, kwa kuzungusha, akanirudishia kifuniko nikiinue kwenye taa.

Hapakuwa na kitu. Chuma kilikuwa kimeng'aa kama maji kwenye beseni, na ndani yake, mahali pale pale palipokuwa na nukta mbili, macho manne yalikuwa yananitazama.